Kurejeshwa si Kuajiriwa Upya

Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, mwezi ndio unaopanga kazi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu, vyombo vinavutwa mchangani na wavuvi wanatawanyika: huyu kwenye mihogo, yule kwenye michikichi, mwingine mjini Kigoma kutafuta kibarua. Giza likirudi, mwenye chombo anapiga simu. Mmoja anaambiwa aje, usiku wa kesho wanaingia majini. Mwenzake hapigiwi, na akifika mwaloni anakuta nafasi yake imejazwa. Hakuna aliyefukuzwa, na hakuna barua iliyoandikwa.

Huyu aliyeitwa amerudi kwenye kazi yake, au ameanza kazi mpya? Na huyu asiyeitwa amepoteza kazi, au hakuwa na kazi ya kupoteza? Jibu lina bei. Linaamua kama siku za katikati zinahesabiwa, kama miaka iliyopita inabaki hai, na kama mtu ana haki ya kulalamika au ana haki ya kusikitika tu. Suala hilihili humpata karani wa halmashauri, dereva wa lori, mwalimu na mpishi wa hoteli pindi anapoambiwa arudi kazini. Na mara nyingi hupotea ndani ya maneno, kwa kuwa sheria yetu ya kazi ilifikiriwa kwa Kiingereza, ilhali wanaoishi chini yake wanafikiri kwa Kiswahili.

Maneno manne ya Kiingereza

Waingereza wana maneno kadhaa ya kumchukua mtu tena kazini, na kila moja lina kazi yake. La kwanza ni "reinstatement". Maana yake ni kumweka mtu tena mahali palepale alipokuwa, na kuichukulia ajira yake kama haikukatika hata siku moja. La pili ni "re-engagement". Mzizi wake ni neno la Kifaransa lenye maana ya rehani au ahadi iliyowekwa dhamana, kwa hiyo hapa watu wawili wanafunga ahadi nyingine: mtu yuleyule na mwajiri yuleyule, lakini masharti yanaweza kuwa tofauti na nafasi inaweza kuwa nyingine.

La tatu ni "rehire", neno la maofisini zaidi kuliko mahakamani. Linatokana na ujira, yaani kumlipa tena mtu ambaye mkataba wake ulikwisha au aliyeondoka kwa hiari yake. Halidai kwamba mtu huyo alionewa. La nne ni "recall", kuita. Hili limezoeleka sana katika viwanda vya magari vya Marekani, ambako mikataba ya vyama vya wafanyakazi huweka zamu: kazi ikipungua watu wanapumzishwa, ikiongezeka wanaitwa kwa kufuata urefu wa utumishi. Aliyepumzishwa ana jina lake kwenye orodha, na orodha hiyo ndiyo haki yake.

Hali ni nne na majibu ni manne. Yakivuka kuja kwetu, mara nyingi yote huvikwa vazi moja: "kurudishwa kazini". Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa kuwa anayesikia neno hilo hudhani amerudishiwa vyote, na anayelitamka anaweza kuwa ametoa robo tu.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno

Tusikimbilie kusema kwamba lugha yetu haina maneno. Tazama vitenzi vyetu vinavyofanya kazi. "Amerudi kazini" ni mtu aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe, pengine ametoka likizo au ugonjwani. "Amerudishwa kazini" ni mtu ambaye mwenye mamlaka ameamua juu yake. "Amerudishiwa kazi" linasema jambo kubwa zaidi: kazi ilikuwa mali yake, ikachukuliwa, sasa amepewa kilicho chake. Kiambishi kimoja tu kinamhamisha mtu kutoka kuwa mzigo unaobebwa hadi kuwa mwenye haki anayekabidhiwa.

Kisha kuna "tena" na "upya". Mtu aliyeajiriwa tena ameajiriwa mara ya pili, na neno linahesabu mara bila kusema zaidi. Mtu aliyeajiriwa upya ameanza mwanzo mwingine, ukurasa mweupe. Ndiyo maana hatumwambii mgonjwa aliyepona kwamba ameanza maisha upya mpaka tuwe tunataka kusema kwamba yale ya zamani yamekwisha. Na "ajiri" lenyewe, tulilolichukua kutoka Kiarabu, ni ndugu wa "ujira". Kumwajiri mtu ni kufungamana naye juu ya malipo, kwa hiyo kumwajiri upya ni kufungamana upya.

Zana tunazo. Kilichopungua ni nidhamu ya kulipa kila neno kazi yake na kutoliazima kwa kazi ya mwenzake.

Ujiji wanaijua tofauti hii

Ukitaka kumweleza mtu wa Ujiji tofauti kati ya kurejeshwa na kuajiriwa upya, huna haja ya kitabu cha sheria ya kazi. Mkumbushe talaka rejea. Katika sheria ya Kiislamu, mume aliyetoa talaka ya kwanza au ya pili baada ya kuishi na mkewe anaweza kumrejea ndani ya eda. Akimrejea, ndoa ni ileile. Hakuna mahari mapya wala haisomwi ndoa nyingine. Eda ikiisha bila kurejeana, mlango wa kurejea umefungwa. Bado wanaweza kuoana, lakini itakuwa ndoa mpya, yenye ridhaa mpya na mahari mapya.

Nyumba ni ileile na watu ni walewale, hata majirani pengine hawataona tofauti. Lakini hakuna shehe atakayekubali kuita jambo la pili kwa jina la jambo la kwanza, kwa sababu haki zinazofuata si zilezile.

Mfano huu una mpaka wake. Katika talaka rejea, anayeamua kurejea ni yule aliyetoa talaka. Katika kazi, aliyeachishwa isivyo halali ndiye anayedai, na anayeamua ni mtu wa tatu. Ila kiini ni kimoja. Jamii ya ufukweni imejua kwa vizazi vingi kwamba kurudiana kuko kwa namna mbili, moja inayoendeleza fungamano la zamani na nyingine inayofunga jipya. Sheria ya kazi inasema jambo hilohilo.

Sheria inavyosema

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, iliweka nafuu tatu katika kifungu cha 40 kwa mtu aliyeachishwa kazi isivyo halali. Ya kwanza ni kurejeshwa kazini tangu siku aliyoachishwa, bila kupoteza ujira wa kipindi chote alichokuwa nje. Ya pili ni kuajiriwa upya kwa masharti ambayo mwamuzi au mahakama itaona yanafaa. Ya tatu ni fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Na mwajiri aliyeamriwa kumchukua mtu tena akikataa, alitakiwa kulipa mishahara ya miezi 12 juu ya mishahara na stahiki nyingine zinazohesabiwa tangu siku ya kuachishwa hadi siku ya malipo ya mwisho.

Katika nafuu ya kwanza, tarehe inarudi nyuma. Katika ya pili, tarehe iko mkononi mwa mwamuzi. Huo ndio mto unaogawa maneno haya mawili.

Tufanye hesabu. Mtu ameajiriwa kiwandani Januari 2016, akaachishwa Januari 2022, na shauri lake likaamuliwa Januari 2024. Akirejeshwa, anadai mshahara wa miaka miwili aliyokaa nyumbani, na utumishi wake unasomeka miaka minane bila tundu. Akiajiriwa upya kuanzia siku ya uamuzi, miaka hiyo miwili inaweza kwenda na maji. Sasa kiwanda kikimpunguza Januari 2026 kwa sababu za kiuchumi, kiinua mgongo kwa kipimo cha sheria ya 2004 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia wa utumishi mfululizo, kikomo miaka 10. Aliyerejeshwa ana miaka 10, yaani siku 70. Aliyeajiriwa upya ana miaka miwili, yaani siku 14. Hata kama alilipwa siku 42 za ile miaka sita ya kwanza, jumla yake ni 56.

Pensheni nayo inatazama hesabu hiyohiyo. Mifuko yetu, NSSF kwa sekta binafsi na PSSSF kwa umma, inataka michango ya miezi 180 ili mtu astahili pensheni ya kila mwezi. Tundu la miezi 24 linaweza kumwacha mzee mlangoni.

Hata hivyo, kurejeshwa si jambo la kila mtu. Kanuni za mwaka 2007 zinazoongoza uamuzi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinamzuia mwamuzi kuamuru mtu arejeshwe au aajiriwe upya ikiwa mwenyewe hataki, ikiwa kuishi pamoja kazini kumekuwa hakuvumiliki, ikiwa haiwezekani kwa mwajiri, au ikiwa kosa la mwajiri lilikuwa la utaratibu tu. Na mlango wa Tume haukai wazi siku zote. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kupelekwa ndani ya siku 30. Eda ya kazini ni fupi kuliko eda ya ndoa.

Majirani zetu wa Kenya wameweka mpaka mwingine. Sheria yao ya mahakama ya kazi ya mwaka 2011 inaruhusu amri ya kumrejesha mtu kazini ndani ya miaka 3 tangu alipoachishwa. Baada ya hapo, hata aliyeonewa waziwazi atatafuta fidia. Hoja inaeleweka: kiti hakikai kitupu milele, na aliyekikalia naye ana watoto. Lakini ndiyo maana ucheleweshaji wa mashauri si usumbufu tu. Kila mwezi unaopita unaisukuma nafuu ya kwanza kuelekea ya tatu.

Watumishi wa umma: mtu alirejeshwa, fedha zilirejeshwa

Somo lililo wazi kuliko yote kuhusu maneno haya lilitolewa na Serikali yenyewe. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulifikia kilele Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma orodha ya watumishi zaidi ya 9,000 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa. Katika wimbi hilo waliondolewa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba, wakiwemo wengi ambao hawakughushi chochote. Walikuwa madereva, walinzi, wahudumu na watendaji wa vijiji.

Aprili 2018 Serikali ilitangaza kwamba wale wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe kazini na walipwe mishahara ya kipindi walichokuwa nje. Huko ni kurejeshwa kwa maana yake kamili. Tarehe ilirudi nyuma, kwa sababu sharti la kidato cha nne liliwekwa baada ya wao kuingia, na mtu hawezi kuvunja sharti ambalo halikuwepo alipoajiriwa.

Waliokuwa na vyeti vya kughushi hawakurejeshwa. Lakini mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Serikali iliamua warejeshewe michango yao wenyewe iliyokuwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Tazama kitenzi kilivyogeuka. Wa kwanza walirejeshwa, wa pili walirejeshewa. Herufi iliyoongezeka ni moja, na ndani yake mna tofauti kati ya kurudi kazini na kufungasha kwa heshima. Waandishi wa habari, makatibu na wanasheria wanaoandika Kiswahili wanapaswa kuwa waangalifu kiasi hicho kila mara, kwa sababu msomaji wa Uvinza anayesikia redioni kwamba "wamerejeshwa" anaweza kupanda gari kwenda kuripoti kazini.

Meli iliyorudi kwa jina jingine

Kigoma ina mfano wa chuma. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa na kuungwa tena Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakikimbia, mafundi waliipaka mashine zake grisi nzito kisha wakaizamisha wenyewe. Walitaka siku moja wairejeshe. Waingereza ndio walioiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena ikiitwa Liemba.

Ukitazama mwili wake, ilirejeshwa: ubavu ni uleule, ziwa ni lilelile. Ukitazama hati zake, ilichukuliwa upya, kwa jina jipya na bwana mpya, na miaka 11 ya katikati haikuhesabiwa katika utumishi wa yeyote. Binadamu naye anaweza kurudi kwenye meza ileile, na ufunguo uleule, akasaini karatasi inayomfanya mgeni. Mwili wake umerejeshwa, utumishi wake umezikwa. Kwa hiyo usiangalie meza, soma karatasi.

Kutoka kibarua na manamba hadi mwaloni

Mkoa wa Kigoma una kumbukumbu ndefu ya kazi inayoanza upya kila mara. Neno "kibarua" ni barua ndogo, kile kijikaratasi alichopewa mtu kuthibitisha kwamba amefanya kazi. Chini ya ukoloni kikaja kipande chenye nafasi za siku 30. Na kutoka Buha, nchi ya Waha, wanaume walichukuliwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi mwaka 1944, iliyojulikana kama SILABU. Waliitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Mkataba ukiisha, mtu alirudi nyumbani. Akijiandikisha tena, alianza na namba nyingine, hata kama mikono yake ilikuwa imezoea panga la mkonge kwa miaka.

Huo ndio urithi tunaopaswa kuuacha, na mwaloni bado upo. Mvuvi anayeitwa kila giza kwa miaka mitano, na chombo kilekile, na tajiri yuleyule, huchukuliwa kana kwamba ameajiriwa upya mara 60. Yakimpata maradhi au asipoitwa tena, hana utumishi wa kuonyesha.

Sheria haikumsahau kama tunavyodhani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anafanya kazi chini ya uongozi wa mwingine, au anatumia vifaa vya mwingine, au amemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mvuvi anayevuta wavu usio wake, ndani ya chombo kisicho chake, kwa saa alizopangiwa, hayuko mbali na maelezo hayo, hata kama analipwa kwa mgawo. Sheria ya Ajira nayo, inapoweka kigezo cha miezi 6 kabla ya mtu kupata kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali, inajumlisha muda aliokaa na mwajiri yuleyule chini ya mkataba mmoja au zaidi. Kuhusu likizo, inamtambua mtu wa msimu, na pia yule anayemfanyia mwajiri mmoja kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka ikiwa jumla inazidi miezi 6. Kwa lugha nyingine, sheria inaweza kuunganisha magiza. Inachohitaji ni ushahidi.

Haja hiyo ilizidi kuonekana mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, hatua iliyokubaliwa na nchi nne za ziwa hili. Kufunga ziwa ni jambo la busara kwa anayetaka wajukuu wake wale migebuka. Lakini miezi mitatu ni mirefu kuliko mwezi mpevu. Ziwa lilipofunguliwa, mvuvi aliyekuwa shambani hakuwa na orodha ya kuitwa kwa zamu. Alikuwa na namba ya simu tu, na matumaini kwamba itapigwa.

Tufanye nini

Napendekeza tuyagawie maneno kazi, na tusimame hapo. "Kurejeshwa kazini" liwe la mtu ambaye ajira yake inahesabiwa kuwa haikukatika na siku zake za nje zinalipwa. "Kuajiriwa upya" liwe la fungamano jipya na mwajiri wa zamani, kwa masharti yaliyotajwa. "Kuajiriwa tena" libaki kwa aliyeondoka kwa amani na kurudi. "Kuitwa kazini" liwe la aliyepumzishwa kwa sababu kazi ilipungua, na liambatane na orodha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Heshima hiyo itakuwa jina tupu kama hukumu ya Kiswahili itamwacha mshindi hajui ameshinda nini.

Mfanyakazi anayepewa barua ya kurudi naye aulize mambo manne kabla ya kalamu kugusa karatasi. Utumishi wangu unaanza kuhesabiwa tarehe ipi? Siku nilizokuwa nje zinalipwa, na michango yake inapelekwa kwenye mfuko? Ninarudi kwenye cheo na mshahara uleule? Na kwa kusaini hapa, ninafuta madai gani? Barua ikinyamaza juu ya lolote kati ya haya, aombe liandikwe.

Na Ilagala, pasipo barua, tuanze na daftari. Kikundi cha usimamizi wa mwalo kinaweza kuandika, kila giza, nani ameingia na chombo gani na kwa siku ngapi. Daftari hilo halihitaji mwanasheria wala fedha nyingi. Huo ni ukurasa mmoja kwa mwezi, na baada ya mwaka ni kurasa 12 ambazo mwamuzi yeyote anaweza kuzisoma. Mwezi utaendelea kuwatawanya wavuvi, kama ulivyofanya enzi za babu zao. Lakini jina lililoandikwa giza baada ya giza litashuhudia kwamba mtu huyu alikuwa akirudi kazini kwake, wala hakuwa akianza.